Jinsi ya kujijenga kuwa muuguzi wa utengamao wa moyo ukiwa Dar es Salaam

Ukiingia Ajira Portal ukatafuta nafasi ya muuguzi wa utengamao wa moyo, usishangae ukitoka mikono mitupu. Matangazo ya serikali huandika Afisa Muuguzi Daraja la II, Afisa Muuguzi Msaidizi au Muuguzi, basi. Wodi utakayopangiwa ni habari ya baadaye. Hospitali binafsi nazo huulizia uzoefu wa ICU au wa chumba cha upasuaji. Ila kazi yenyewe ipo, na wagonjwa wake ni tele: waliopasuliwa kifua, waliozibuliwa mishipa na kuwekewa stenti (kibomba kinachouacha mshipa wazi), vijana waliobadilishiwa valvu, akina mama ambao moyo ulitanuka baada ya kujifungua, wazee ambao presha ya miaka mingi imeuchosha moyo. Wote hao siku moja huambiwa warudi nyumbani. Anayewasindikiza kutoka kitanda cha hospitali mpaka kwenye maisha ya Mbagala au Kimara mara nyingi hana cheo kinachoitwa hivyo. Ni muuguzi aliyeamua.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuamua, awe bado chuoni au tayari yuko kazini.

Kwanza, kazi yenyewe ni ipi

Utengamao wa moyo ni mpango wa wiki kadhaa unaochanganya mazoezi yanayopimwa, elimu ya dawa na chakula, kuacha sigara, kudhibiti presha, sukari na lehemu, na kumtuliza mtu aliyeingiwa na hofu ya kufa. Awamu ya kwanza huanzia kitandani, siku chache baada ya upasuaji au shambulio la moyo. Ya pili ni wiki za mwanzo baada ya kuruhusiwa, mgonjwa anapokuja kliniki kufanya mazoezi chini ya macho yako. Baada ya hapo anaendelea mwenyewe, maisha yake yote. Kwa kipimo cha wenzetu, bima ya wazee ya Marekani, Medicare, hulipia hadi vipindi 36.

Mambo hayakuwa hivi zamani. Mgonjwa wa shambulio la moyo alilazwa chali wiki 6, akihudumiwa kila kitu. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Boston, Samuel Levine na Bernard Lown, waliandika kuhusu kumkalisha mgonjwa kwenye kiti mapema, na wengi wakawaona wanahatarisha watu. Leo ushahidi umekusanywa wa kutosha kwamba mazoezi yaliyopangwa hupunguza vifo vya moyo na kurudi hospitali kwa wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Pamoja na hayo, uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta huduma hii katika nchi 111 tu kati ya 203. Kwa hiyo ukiona kwenu hakuna chumba chenye kibao cha utengamao wa moyo mlangoni, jua mko wengi.

Hatua ya 1: Leseni

Hapa hakuna mkato. Ukitoka kidato cha nne, njia ni stashahada ya uuguzi na ukunga ya miaka 3 kupitia udahili wa NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi. Wanataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na kemia, baiolojia na fizikia lazima ziwemo. Ukitoka kidato cha sita na PCB, unaomba shahada ya miaka 4, kwa mfano MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, pale Upanga au Chuo Kikuu cha Kairuki, Mikocheni. Mwenye shahada ana mwaka mmoja wa utarajali. Kisha unakuja mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, TNMC, usajili na leseni.

Wenye stashahada hunyong'onyea wakisikia neno ubingwa, wakidhani mlango huu ni wa digrii peke yake. Kwa mtazamo wangu, kwenye kazi hii muuguzi wa stashahada anayejua kukaa na mgonjwa akamsikiliza ana thamani kuliko mwenye digrii anayekimbilia ofisini. Digrii utaihitaji baadaye kwa kupanda daraja na kwa vyeti vya nje, na nafasi ya kujiendeleza ipo: Chuo Kikuu cha Aga Khan hapa Dar kimekuwa kikiwapokea wauguzi wa stashahada walio kazini.

Kama uko kwenye utarajali sasa hivi, omba zamu zako za tiba ya ndani ziwe wodi yenye wagonjwa wa moyo. Omba kwa maandishi kwa mkuu wa wodi. Ombi la mdomo husahaulika kabla zamu haijaisha.

Hatua ya 2: Nenda waliko wagonjwa

Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, ndiyo kitovu. Ipo ndani ya eneo la Muhimbili, Upanga, na ilianza kazi kama taasisi mwaka 2015. Kabla ya hapo upasuaji wa moyo ulikuwa umeanza Muhimbili mwaka 2008, na kabla ya huo safari ilikuwa ya India, kwa aliyebahatika kupata nafasi. Hospitali iliyokuwa Dar Group, karibu na TAZARA, sasa ni tawi la taasisi hiyo. Aga Khan wana huduma za moyo. Mloganzila nako wagonjwa wa moyo hawakosekani.

Usizidharau Amana, Temeke na Mwananyamala. Hospitali hizi za rufaa za mkoa ndizo zinazobeba kliniki za presha, na presha ndiyo iliyoongoza kati ya sababu za moyo kushindwa katika utafiti mkubwa uliofanyika Muhimbili. Ukitaka kujua kwa nini mtu anaacha dawa zake, kaa kliniki ya presha ya Temeke asubuhi ya Jumatatu. Utasikia yote: dawa zinakojoza sana na kwenye daladala hakuna choo, jirani alipona kwa vitunguu swaumu, presha ilishuka, sasa dawa za nini tena.

Ningekuwa napanga njia ya kijana, ningempa miaka 2 ICU au wodi ya moyo, halafu mwaka mmoja kliniki ya nje. ICU inakufundisha kuiona hatari kabla haijapiga hodi. Kliniki inakufundisha watu. Aliyepitia ICU peke yake huwaogopa wagonjwa wanaotembea, kwa sababu hawana mashine iliyofungwa kifuani. Aliyepitia kliniki peke yake anaweza kumwachia mtu aendelee kutembea huku midomo imebadilika rangi.

Ukiwa ndani, jitokeze kwenye kambi za upasuaji ambazo timu za nje huja kufanya kazi na wenyeji, na kwenye safari za tiba mkoba mikoani. Kwenye kambi usibaki kushika vifaa tu. Muulize muuguzi mgeni jambo moja: mgonjwa wenu akitoka, siku ya saba anafanya nini? Majibu yao yana mafunzo mengi kuliko mihadhara.

Hatua ya 3: Mikono

Jifunze kusoma kipimo cha umeme wa moyo, ECG, mpaka usihitaji kuita mtu kukuthibitishia mambo makuu: dalili za shambulio jipya, mapigo yasiyo na mpangilio, mapigo ya kasi yanayoanzia chemba za chini, na kuziba kwa njia ya umeme. Huhitaji kuwa daktari wa moyo. Unahitaji kujua ni lini usimamishe mazoezi na ni lini ukimbie.

Chukua mafunzo ya kuokoa maisha, ya msingi na ya juu, yale ya Chama cha Moyo cha Marekani ambayo cheti chake hudumu miaka 2. Kugandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, kila muuguzi anajua kwenye karatasi. Fanya kwenye mwanasesere mpaka mabega yaume. Na popote mtakapofanyia mazoezi na wagonjwa, ujue mashine ya kushtua moyo iko wapi na nani ana ufunguo wa kabati. Hilo la ufunguo si mzaha.

Hatua ya 4: Pima kabla ya kumtembeza mtu

Hapa ndipo muuguzi wa utengamao anapotofautiana na mtu anayesema tu, "Mzee, fanya mazoezi." Mazoezi ni dawa, yana dozi, na yana siku ambazo hayatolewi.

Anza na kipimo cha kutembea dakika 6. Unahitaji korido tambarare ya mita 30, vitu viwili vya kuwekea alama mwisho huku na huku, kiti, saa, mashine ya presha na kipima oksijeni cha kidoleni. Mgonjwa anatembea kwenda na kurudi kwa kasi yake. Akichoka anasimama au anakaa, lakini saa haisimami. Mwisho unaandika mita. Mwenye moyo ulioshindwa asiyefika mita 300 anahitaji jicho la karibu zaidi. Usitembee pembeni yake ukimwongoza, maana atafuata mwendo wako badala ya wake. Ndugu wanaomshangilia kutoka kwenye benchi nao waombe kwa upole watulie.

Kabla ya kuanza, pima akiwa amepumzika. Presha ikiwa juu ya 180/100, au mapigo zaidi ya 120 kwa dakika, ahirisha na mjulishe daktari. Ahirisha pia akiwa na homa, maumivu ya kifua yasiyotulia, au uzito ulioongezeka kama kilo 2 ndani ya siku 3; uzito huo ni maji, wala si wali wa harusini, hata kama yeye mwenyewe atakuapia hivyo.

Sasa kiasi cha mazoezi. Vitabu vina hesabu ya mapigo: 220 toa umri, halafu asilimia fulani. Hesabu hiyo itakudanganya kwa wagonjwa wengi utakaowaona, kwa sababu wanameza bisoprololi, atenololi au karvediloli, dawa zinazozuia mapigo yasipande. Mwenye mapigo yasiyo na mpangilio naye hahesabiki vizuri. Tumia kipimo cha Borg, kilichopewa jina la Mswidi aliyekibuni, kinachoanza 6 mpaka 20: mgonjwa mwenyewe anasema kazi anaionaje. Mweke kati ya 11, ambayo ni nyepesi, na 13 au 14, ambayo ni ngumu kiasi. Asiyesoma namba, mpe kipimo cha mdomo: aweze kukusimulia jambo kwa sentensi nzima, lakini akijaribu kuimba ashindwe. Dar kipimo hiki hakikosei. Mzee akinyamaza ghafla katikati ya habari za Simba na Yanga, punguza mwendo.

Kupasha mwili dakika 10 na kupoa dakika 10 si mapambo. Mtu akikata mazoezi ghafla, damu hubaki miguuni, presha inashuka, anaanguka. Wengi wa wanaozimia huzimia baada ya kumaliza, wakiwa wamesimama wanajisifu. Anza na dakika 5 hadi 10 za kazi yenyewe, ongeza kidogo kidogo mpaka 30, angalau mara 3 kwa wiki.

Halafu kuna jiji lenyewe. Joto na unyevu wa Dar, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, huupa moyo kazi ya ziada hata kabla mtu hajapiga hatua. Panga matembezi kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa mbili asubuhi, au jioni jua likishapoa. Wa Oysterbay atakwenda Coco Beach. Wa Gongo la Mboto hana njia ya waenda kwa miguu, ana bodaboda zinazompitia ubavuni. Muulize kuna nini karibu na kwake. Kiwanja cha shule, uwanja wa msikiti, hata uani kuzunguka nyumba, vyote vinafaa, mradi mmehesabu pamoja ni mizunguko mingapi inafika dakika 15. Na umwonye kuhusu vikundi vya jogging vya mtaani. Ni vizuri mno kwa wazima, lakini muziki na fulana mpya humfanya mtu mwenye stenti ya mwezi jana akimbie kama ana miaka 20.

Hatua ya 5: Jifunze kuzungumza

Nusu ya kazi ni hapa, na chuoni hawaigusi sana. Nitatoa mifano, kila mmoja na mtego wake.

Warfarini. Vijana wengi wa Tanzania wenye valvu za chuma walianza na mafindofindo ya koo utotoni, ikaja homa ya baridi yabisi, ikala valvu. Sasa watameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote na kupima INR, kipimo cha jinsi damu inavyoganda. Lengo kwa kawaida huwa kati ya 2 na 3, au 2.5 hadi 3.5 kwa valvu ya chuma ya upande wa mitrali. Daktari ndiye huandika. Makosa mawili huwatokea wauguzi. La kwanza ni kukataza mboga za majani. Mtu wa Dar bila mchicha, matembele na kisamvu atakula nini na ugali? Mwambie ale kiasi kilekile wiki hadi wiki, dozi itapangwa kufuata hapo. La pili ni kusahau duka la dawa la mtaani. Diklofenaki ya mgongo, flajili ya tumbo, septrini ya kikohozi: zote humwongezea hatari ya kutokwa damu. Mwenye kifua kikuu anayeanza rifampisini, INR yake huporomoka. Mwambie kila anaponunua kidonge au kupewa dawa ya mizizi akupigie kwanza. Binti anayetaka kuolewa au kuzaa, mpeleke kwa daktari kabla ya mimba, kwa sababu warfarini inaweza kumdhuru mtoto katika wiki za mwanzo. Mwenye historia ya baridi yabisi mkumbushe pia sindano yake ya benzathini penisilini, ambayo kwa kawaida huchomwa kila wiki 3 au 4.

Kifua kilichopasuliwa. Mfupa wa kifua huchukua kama wiki 8 hadi 12 kushikana vizuri. Ukisema "usibebe vitu vizito", kila mtu atatafsiri anavyotaka. Sema ndoo ya maji, hapana. Kutwanga kisamvu, hapana. Kumnyanyua mjukuu, hapana. Akae, mtoto apandishwe mapajani. Kufua mashuka kwa mkono, hapana. Kuning'inia bomba la mwendokasi umesimama kutoka Kimara mpaka Gerezani, hapana, na bodaboda usiiguse. Akikohoa akumbatie mto kifuani. Wanawake waulize habari ya sidiria. Kidonda kinachosuguliwa hakiponi, na wengi wataona haya kukuambia wasipoulizwa.

Chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na iliyojificha kwenye dagaa wakavu, kiungo cha mchuzi cha kupakiti na chipsi. Usimfundishe mgonjwa peke yake. Mfundishe anayepika. Mara nyingi ni mke, binti au dada wa kazi, na yeye ndiye anayepaswa kukaa kwenye kiti siku hiyo.

Tendo la ndoa. Mzee hatakuuliza, hasa kama wewe ni binti wa umri wa mwanawe. Wewe anza, kwa heshima.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, wengi wakishatoka hapa wana swali la chumbani ila wanaona haya. Ukiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kuhema wala kifua kubana, kwa kawaida moyo unaruhusu. Ila niambie ukweli, kuna dawa yoyote ya nguvu unatumia?"

Hapo utasikia habari ya vumbi la Kongo, au kidonge alichopewa na rafiki Kariakoo. Anayetumia nitrati, dawa za maumivu ya kifua, akizichanganya na vidonge vya nguvu vya jamii ya sildenafili, presha inaweza kuanguka vibaya, na vumbi la mtaani hakuna ajuaye lina nini ndani. Kama wewe mwenyewe unaona haya, tafuta mwenzako wa kiume akae naye. Swali lisipite tu.

Ramadhani. Usisubiri mwezi uandame. Kwenye Shaabani muulize anayefunga: dawa za kukojoza atazinywa saa ngapi, warfarini saa ngapi, uzito atapima lini. Daktari apange upya ratiba mapema, na asiyefaa kufunga aambiwe na daktari. Anayetaka fatwa azungumze na shehe wake akiwa na barua mkononi.

Huzuni nzito nayo ina kipimo. Dodoso la PHQ-9 lipo kwa Kiswahili na limeshafanyiwa utafiti hapa nchini. Maswali 9 hayachukui hata robo saa, na mgonjwa aliyekata tamaa hamezi dawa wala hatembei, hata umpangie nini.

Hatua ya 6: Anzisha kidogo, hapo hapo ulipo

Ukisubiri jengo utastaafu nalo bado ni mchoro. Andika kurasa 2 kwa muuguzi mkuu wa hospitali, nakala kwa mganga mfawidhi na daktari wa moyo au wa tiba ya ndani: siku 2 kwa wiki, saa 2 za asubuhi, wagonjwa 8 hadi 10 wa hatari ndogo waliochaguliwa na daktari, korido moja. Vifaa ni vile vya hatua ya 4, pamoja na mzani na daftari la rejista. Baiskeli ya mazoezi ikija ni neema. Isipokuja, watu watembee, wasimame na kukaa kwenye kiti, wapande kidaraja kimoja.

Mshirikishe mtaalamu wa fiziotherapia tangu siku ya kwanza, kabla kurasa zako hazijafika ofisini. Nimeona mipango mizuri ikifa kwa sababu ya nani anamiliki mazoezi. Yeye anajua viungo na misuli. Wewe unajua dawa, presha na nyumbani kwa mgonjwa. Mtu wa lishe na ofisa ustawi wa jamii nao waitwe, hasa ustawi, kwa sababu mgonjwa anayekosa nauli ya kurudi hatakuambia; atapotea tu.

Waliopotea ndio watakaokupima. Mgonjwa anayetoka Chanika mara 2 kwa wiki atachoka kabla moyo wake haujachoka. Mpe kipindi kimoja cha kliniki, cha pili kiwe kwa simu: umetembea dakika ngapi, Borg ilikuwa ngapi, uzito wa leo, miguu imevimba? Dakika 10 zinatosha. Angalizo moja: usiwaunganishe wagonjwa kwenye kundi la WhatsApp ukamwaga humo majina na majibu ya vipimo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu wewe pia, na siri ya mgonjwa ilikuwepo kabla ya sheria.

Rejista iwe na vitu vichache vinavyojazwa kweli: vipindi alivyohudhuria, mita za dakika 6 mwanzo na mwisho, presha, uzito, INR kwa wanaohusika, sigara, na kama alilazwa tena. Baada ya miezi 6 peleka ukurasa mmoja kwa uongozi. Menejimenti haisomi shauku, inasoma mita na vitanda vilivyobaki wazi. Ukitaka kuzichapisha takwimu hizo, pitia kwanza kamati ya maadili ya utafiti.

Hatua ya 7: Vyeti na masomo

Fupi, kwa sababu hapa ni karatasi tu. Pointi za mafunzo endelevu zinahitajika kuhuisha leseni TNMC, basi zichukulie kwenye mada za moyo badala ya kuokota semina yoyote yenye chai. Baraza la kimataifa la kinga na utengamao wa moyo, ICCPR, lina kozi ya mtandaoni yenye cheti cha misingi ya utengamao, iliyotengenezwa kwa kufikiria nchi zenye rasilimali chache. Hii ningeiweka mbele ya zote. MUHAS wana shahada ya uzamili ya uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, inayokufaa ukitaka kufundisha au kuongoza kitengo. Ndani ya utumishi, cheo kinapanda kwa ngazi za kawaida za afya, kwa hiyo hakikisha kazi ya kliniki yako inaingia kwenye malengo ya tathmini yako ya mwaka. Isipoandikwa humo, kwa mwajiri haikufanyika.

Hatua ya 8: Ukitazama nje

Marekani na Uingereza nafasi za utengamao wa moyo zipo kwa jina lake. Marekani utaanza na NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi wa huko, na waajiri hutaka uzoefu wa wodi ya moyo na cheti cha juu cha kuokoa maisha. Cheti cha utaalamu cha chama chao cha utengamao, AACVPR, kinadai saa 1,200 za kazi katika utengamao, ndiyo sababu nyingine ya kuziandika saa zako za korido tangu leo, zikiwa na sahihi ya msimamizi. Uingereza kuna mtihani wa kompyuta na wa vitendo chini ya baraza lao. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu wa wahudumu wa afya, kwa hiyo mawakala wa Uingereza hawaruhusiwi kuja kuvuna wauguzi hapa, ingawa wewe binafsi unaweza kuomba moja kwa moja. Anayekuambia ana nafasi zako mkononi na anataka fedha kwanza, muulize kibali chake, kisha nenda kamuulizie kwa wakala wa serikali wa huduma za ajira, TaESA.

Mabaraza ya nje hutaka uthibitisho wa usajili wako utoke TNMC kwenda kwao moja kwa moja, bila kupitia mikononi mwako, na matokeo ya chuo vivyo hivyo. Majina kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, leseni na pasipoti yafanane herufi kwa herufi. Kama kuna pengo, ukiitwa Mwanaidi huku na Mwanahidi kule, lishughulikie kwa hati ya kiapo sasa, kabla hujalipia mtihani wowote.